Kadi Isiyo ya Kawaida

Watu wa mji wetu wa Baraka wanasema mengi juu yangu, na mengi ni ya kweli. Mimi ndiye Isidore wa studio, yule anayepiga video za harusi na kuziunga kwenye kompyuta mpaka bibi harusi aliyenuna siku nzima aonekane anacheka. Napenda kusifiwa. Nikimfanyia mtu kazi halafu akaondoka bila kusema neno, chakula hakipiti kooni. Nayasema haya mapema ili usinihurumie bure.

Mama yangu alikuwa anapoteza macho. Daktari wa macho aliyepita hapa mjini alimmulika kwa kitochi chake, akaniita pembeni. Ni presha ya macho, akaniambia. La kushoto limekwisha, la kulia limebakiwa na kidirisha katikati, na hicho nacho kitafunga. Nikamwuliza lini. Akasema labda miezi, labda majuma, matone yatachelewesha tu.

Tulipofika nyumbani mama hakulia. Aliomba kitu kimoja.

"Isidore, mi nataka nione Divine mbele macho ifunge."

Divine alikuwa dada yangu, kitinda mimba wetu. Alikwenda Misisi kuwauzia vitenge wachimba dhahabu, homa ikamkamata hukohuko, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Walimzika siku ya pili. Sisi tulifika siku ya sita, tukaonyeshwa udongo. Mama hakuuona mwili wa mwanawe, na kwa muda mrefu baada ya matanga aliendelea kupakua sahani moja zaidi, halafu anakirudisha chakula kwenye sufuria.

Simu ya Divine ilipotea naye. Kilichobaki ni video moja ya dakika nne, niliyoipiga mimi kwa simu yangu ya kwanza, kwenye harusi ya binamu yetu. Divine anacheza, anageuka, anacheka akinitazama. Lakini video yenyewe, jamani! Uso ni doa la kahawia lenye meno. Mimi fundi mzima, kazi yangu mbovu kuliko zote ndiyo iliyobaki ya dada yangu. Niliona aibu hata kuifungua mbele ya watu.

Programu ya kusafisha sura kwenye video za zamani nilikuwa nayo. Tatizo, haikubali kufanya kazi bila kadi ya grafiki, kile kipande ndani ya kompyuta kinachobeba mzigo wa picha, na yangu ilikuwa imeungua. Nikampigia Eddy, rafiki yangu anayeuza vipande vya kompyuta kule Uvira, ambaye huniita yaya, yaani kaka.

"Yaya Isidore, uko na bahati," akasema. "Iko moja hapa mbele yangu, ya kawaida. Kesho mutumbwi unashuka Baraka, kesho kutwa unaishika."

"Ya kawaida?"

"Ya kawaida, yaya, lakini ni ya muzuri. Kuko ndugu yake, ile banaiongezea mwendo kulekule kiwandani, iko na feni tatu. Ile sina hapa. Itatoka Dar, ipite Kigoma, ivuke ziwa. Siku kumi hivi."

"Ndiyo ile yenye nguvu?"

"Njo yenye nguvu, lakini tofauti ni kidogo sana, mi nakuambia kweli. Tena inakula umeme."

Sasa unielewe. Kwetu mama hapewi cha kawaida. Mtoto wa kwanza anaweza kutembea na suruali yenye kiraka, lakini kitenge cha mama ni kile cha bei, na siku ya Pasaka akina mama wenzake watakishika pindo, watakipapasa, na kwa hicho watajua amezaa mtu wa namna gani. Nimekua na akili hiyo. Nikaipeleka akili ya vitenge kwenye kompyuta.

Mke wangu Félicité alikuwa anapepeta mchele, na simu niliiweka kwa sauti kubwa, kwa hiyo alisikia yote.

"Baba Tania, kamata ile ya kesho. Macho ya mama haiko na siku ya kungoja."

"Kwa mama sifanyi kazi ya nusu nusu," nikamjibu. Na Eddy nikamwambia, "Lete ile yenye nguvu."

Félicité aliacha kupepeta, akanitazama, kisha akaendelea na mchele wake.

Siku ya kumi kadi ilikuwa Kigoma. Siku ya kumi na tatu ilikuwa bado Kigoma, maana mwenye mtumbwi alikuwa anangoja mzigo ujae. Halafu upepo ukachafuka ziwani. Kila asubuhi nilishuka ufukweni kuwauliza mabaharia, wakawa wananitania wakiniona kwa mbali: "Muzee wa feni tatu, bado!" Nilicheka nao. Nilipenda wajue kwamba ninachongoja si kitu cha kila mtu.

Siku moja mama aliniuliza, "Na ile yenye iko kwa simu, siwezi kuangalia hiyohiyo?"

"Ngoja, mama. Hiyo ni takataka. Utaona kitu kizuri."

"Aya, mutoto wangu. Nangoja."

Hakuomba tena. Alianza kukaa ndani zaidi, na alipotoka aliuweka mkono ukutani kama mtu anayekagua lipu. Nikasema ni uchovu. Akaacha kuchagua maharage, yeye ambaye hakuruhusu mtu mwingine aguse maharage yake, nikasema amezeeka. Siku ya kumi na tisa Félicité alinifuata studio, akasimama mlangoni.

"Baba Tania, asubuhi hii mama aliniomba nifungue dirisha, eti ndani ni giza. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa linamupiga ku uso."

"Anaona kidogo," nikasema.

"Haoni."

"Nimesema anaona kidogo!" Nilimpandishia sauti, mimi, kwa mke aliyeniambia ukweli. Akageuka, akarudi kwa mama.

Kadi ilifika siku ya ishirini na nne. Boksi lake zuri nililibeba mkononi badala ya kulitia mfukoni mwa begi, ili watu wa njiani walione. Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshakaza juu ya paneli zangu za sola, nilianzisha kazi. Feni tatu zikavuma, studio ikawa moto. Baada ya saa moja na dakika hamsini na sita, Divine alitokea.

Sijui nisemeje. Lile doa lilikuwa limefunguka, na ndani yake alikuwamo yeye: mwanya wake, kovu dogo kidevuni alilopata alipoanguka kisimani, jasho kwenye mdomo wa juu. Aligeuka, akanicheka. Nililia kwa sauti mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuchungulia, nami nikamfukuza.

Félicité alipoangalia naye alilia. Kisha akapangusa macho, akauliza, bila ubaya wowote, "Na ile ya kawaida ingemaliza saa ngapi?"

Kadi za namna hii unaweza kuzishusha mpaka mwendo wa ndugu zao wa kawaida. Kesho yake nilifanya hivyo. Sikuwa na sababu, nilitaka tu kujua, au nilitaka kujiumiza. Nikairudisha video ya mwanzo na kuanza upya. Ilichukua saa mbili na dakika tatu. Picha ilikuwa ileile, kovu lilelile, jasho lilelile.

Dakika saba. Nilingoja siku ishirini na nne ili nikomboe dakika saba. Niliuma kidole changu mpaka kikatoka damu, na hakuna mtu niliyetaka kumpiga zaidi ya yule mwanaume aliyekuwa amebeba boksi barabarani.

Bado nilijidanganya. Nikasema Jumapili tutaona, pengine kile kidirisha hakijafunga chote. Niliazima televisheni kubwa, nikaiweka juu ya meza upande wa dirisha, na bafle, ile spika kubwa ya muziki, nikalisimamisha karibu na mlango, maana mezani hapakuwa na nafasi. Baada ya ibada Félicité alimvalisha mama kitenge chake cha Pasaka, akamkalisha kwenye kiti katikati. Tulifunga pazia.

"Uko tayari, mama?"

"Niko tayari siku mingi."

Nikawasha. Ngoma ya harusi ikapiga, na Divine akaingia akicheza, uso mzima, mkubwa kuliko alivyokuwa akiwa hai. Mama aligeuka upesi kuelekea mlangoni. Nilidhani amesikia mgeni. Lakini hakuna aliyeingia. Alikuwa amelielekea bafle.

Alilikazia uso. Divine alipocheka, sauti ikatoka palepale mbele yake, mama naye akacheka, akauinua mkono kidogo kama unavyomsalimia mtu aliye ng'ambo ya njia. Dada yangu alikuwa upande wa kushoto, anang'aa kwenye televisheni, hakuna anayemtazama.

"Mi naona," mama akasema. "Njo yeye. Njo Divine wangu. Mama Tania, unaona vile anacheka?"

"Ninaona, mama," Félicité akasema. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Mimi nilikuwa nimesimama kati ya televisheni na kiti. Nilielewa kwamba alijua. Alijua haoni, tangu siku nyingi pengine, na alikuwa amejivika, amekaa, ameinua mkono, yote hayo ili mtoto wake wa kwanza asione haya.

Video ikaisha. Mama akapapasa hewani, akakosa, akapapasa tena, akaushika mkono wa shati langu.

"Hii kadi yako iko na nguvu kweli," akasema. "Ulifanya muzuri kungoja, mutoto wangu. Na ile ya kawaida singeona kitu."

"Aksanti, mama," nikasema.

Akaniomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha.