Kadi Iliyokalia Njia ya Shangazi

Fundi alichomeka kadi mpya kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, akarudisha kifuniko, akawasha. Taa ya kijani ikawaka. Kwenye korido, shangazi yake alikuwa anapiga deki huku akimsimulia mhasibu habari za talaka ya jirani, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Midomo iliendelea kucheza. Mhasibu alingoja kidogo, kisha akaruka maji akaenda zake.

Fundi alilijua tatizo, maana ni la kawaida. Kila kifaa hupewa njia yake ya kuiita mashine. Viwili vikigongana kwenye njia moja, chenye nguvu husema na kingine hunyamaza. Alitazama skrini. Kadi ilikuwa imekalia njia ya Shangazi.

"Pole, Shangazi. Umegongana na kadi. Nitakutengenezea."

Shangazi alikamua tambara. Ndiye aliyemlea Fundi na kumsomesha kwa kazi hiyohiyo ya kudeki, na jengo zima lilimjua kwa mdomo wake: hakuna aliyechelewa, aliyenenepa wala aliyenyolewa vibaya akapita bila kupewa lake.

Njia nyingine zote zilikuwa na wenyewe. Moja tu ingeweza kuachwa, ile ya kamera iliyotazama gari la bosi, gari lenye geti lake na mlinzi wake. Fundi akapanda ngazi.

"Bosi, tuitoe kamera. Kadi ihamie huko, Shangazi apate sauti yake."

"Kwani anadekia mdomo?" bosi aliuliza.

"Hapana, lakini..."

"Basi mwache. Afadhali hata kumetulia."

Fundi alishuka kwa hasira. Alitamani kuing'oa kadi ile kwa meno. Mnyonge hana haki, watu husema, na hulisema jambo hilo kama wanavyosema mvua imenyesha. Hakuing'oa. Ofisi ikazoea.

Kila umeme ulipokatika, seva ilizimika na Shangazi akasikika, naye hakupoteza muda. Watu walitoka maofisini kumsikiliza. Siku moja alisimama katikati ya korido, ndoo mkononi, akapaza sauti: "Huyo anayelinda gari kuliko mtu, mwambieni mimi si ndoo! Mwambieni nilikuwa humu yeye bado..." Umeme ukarudi. Bosi alikuwa mlangoni kwake, na yote aliyasikia.

Akaagiza betri kubwa, ili seva isizimike tena hata umeme ukikatika. Kazi ya kuifunga akapewa Fundi.

Ilibidi seva izimwe kwanza. Shangazi alipiga magoti kando ya Fundi akimmulikia tochi, na sauti ikamrudia. Alimtukana bosi, akaitukana kamera, kisha akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Na wewe! Nimekusomesha ili uje unizibe mdomo?"

"Ndiyo, Shangazi," Fundi alisema, macho yakimchoma kwa machozi. Alikaza skrubu polepole, akailegeza, akaikaza tena, na Shangazi akaendelea kusema.

Bosi aliuliza kutoka juu kama kazi imekwisha.

"Bado!" Shangazi alimjibu. "Sijamaliza!"

Alisema mengi mengine, na yote yalikuwa kweli. Kisha skrubu zikaisha, Fundi akawasha seva.