Mguu wa Mzee Bunmak na Sheria Mpya

Kidonda cha kisukari kilikuwa kimeshaharibu kidole kidogo cha mguu wa Mzee Bunmak, na sasa kilikuwa kinakinyemelea kidole cha pili. Mzee hakuhangaika, kwani sheria ilikuwa upande wake. Kadi ya matibabu ya bure ilifanya kazi pale tu jina lako lilipoandikwa katika kitabu cha nyumba, daftari la serikali la wakazi, na jina lake lilikuwa kwao Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, safari ya usiku kucha kutoka chumba alichoishi sasa na bintiye Rattikan, mshonaji wa kiwandani karibu na Bangkok.

“Tuhamishie jina huku, Baba.”

“Nyumba isiyo na jina la mtu ni banda. Marehemu mama yako akirudi atamkuta nani?”

Ukweli aliujua peke yake: kaka yake aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja.

Tena sheria za matibabu alizizoea. Zamani kadi za mafukara zilitolewa kwa kauli ya mkuu wa kijiji. Shemeji wa mkuu, mwenye matrekta mawili, akathibitishwa fukara, Bunmak akaambiwa ajitahidi. Baadaye kadi ikawa ya kila mtu, kwa baht thelathini kila unapotibiwa. Kisha bure. Kisha thelathini tena, kwa anayependa. Alijifunza kwamba ukitulia, kila sheria hupita.

Jioni moja Rattikan aliingia bila hata kuvua kofia ya kazini.

“Baba, sheria imebadilika. Unatibiwa popote, kitambulisho tu.”

Mzee aliacha kutafuna wali wa kunata. “Popote?”

“Hata hospitali ile ya nyuma ya soko.”

“Serikali hii haina msimamo.”

“Unaogopa, Baba.”

“Mimi? Nimewahi kumshika nyati pembe.”

“Nyati hakuwa na msumeno.”

Rattikan alikuwa ameshachuchumaa, anamfunga kidonda kwa kitambaa kipya taratibu kama anayeshona kola, machozi yakimdondoka. Mzee hakuwa amejiandaa kwa hilo. Hoja zake zote zilikuwa za kuijibu serikali.

“Waambie kiwandani kesho huendi,” alisema.

Kesho yake, katika hospitali ya nyuma ya soko, daktari alikagua, akasema vidole viwili vitakatwa.

“Na mguu?”

“Mguu unabaki, mzee wangu. Ungesubiri zaidi, tungezungumza mengine.”

Bunmak akaomba apangiwe siku ya karibu kabisa, kabla hawajabadilisha sheria tena.