Najibu Kwamba

"Mwalimu, una dakika kumi," alisema mwenyekiti, na mwalimu akafanya kosa ambalo mtu wa fani nyingine asingeweza kulifanya: alianza na hoja ya mpinzani wake.

Chumba cha kamati ya nidhamu kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua, na saa ya ukutani juu ya kichwa cha mwenyekiti. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mtaalamu wa udongo, mtu mpole aliyependa mambo mafupi. Kwenye kiti cha peke yake, karibu na dirisha, alikaa msichana ambaye chuo kizima kilimwita Kidole, kwa sababu tangu mwaka wa kwanza kidole chake hakikujua kushuka darasani. Sasa alikuwa anaandika tasnifu ya uzamivu, na mwalimu ndiye msimamizi wake. Ndiye pia shahidi pekee ambaye Kidole alimwomba aje kumtetea.

Kisa hakikuwa siri. Tangu mgomo wa muhula uliopita, uongozi ulikuwa umeamuru mageti ya mabweni yafungwe kwa kufuli kuanzia jioni hadi alfajiri, na funguo zikae kwa mkuu wa ulinzi. Siku moja, geti likiwa limeshafungwa, msichana wa mwaka wa kwanza alibanwa na pumu. Kidole, aliyekuwa mlezi wa bweni hilo, alipiga simu ya mkuu wa ulinzi mpaka akachoka. Haikupokelewa. Akang'oa mguu wa chuma wa kitanda kibovu, akavunja kufuli, na yeye na wenzake wakambeba mgonjwa hadi zahanati. Mgonjwa alipona. Lakini geti lilibaki wazi, na wengine waliokuwa na hasira zao wakamiminika nje. Kulipokucha, vioo vya jengo la utawala vilikuwa chini, na bawabu mzee wa geti alikuwa ameshonwa juu ya jicho.

Swali mbele ya kamati lilikuwa moja: Kidole afukuzwe au abaki.

Mwalimu alikuwa amefundisha falsafa ya siasa kwa muda mrefu kuliko umri wa Kidole. Ndani ya falsafa hiyo alikuwa na kijishamba chake alichokilima karibu peke yake: sheria ya asili, ile ambayo haikutungwa na bunge wala mfalme, ambayo mtu huijua kwa akili yake, na ambayo kwayo sheria zote za kuandikwa hupimwa kama ni sheria kweli au ni ubabe tu. Mabingwa wa kale wa fani hiyo walikuwa na utaratibu wao, naye aliurithi kama watu wanavyorithi mwendo wa baba zao. Kwanza unaieleza hoja ya anayekupinga, tena kwa nguvu kuliko anavyoweza kuieleza yeye mwenyewe. Ukishaimaliza, ndipo unasema "najibu kwamba," na kutoa yako. Kuanza na yako aliuita uvivu, na insha ya namna hiyo aliirudisha bila kuisoma. Wanafunzi walipomlalamikia kwamba leo amewapigia debe madikteta kipindi kizima, aliinua kiganja na kuwaambia wasubiri, watafika upande wa pili. Basi wakamwita Upande wa Pili, na jina likamganda.

Asubuhi ile alizungumza vizuri. Hilo ndilo lililokuja kumuuma zaidi. Alieleza kwa nini hata amri mbaya ina faida yake, kwa sababu watu wengi wasiojuana wanaishi kwa kuiegemea. Alieleza hatari ya kila mtu kujifanya hakimu wa amri anazozitii. Kisha akashusha sauti, kama alivyozoea kufanya anapokaribia pazuri.

"Anayevunja kufuli," alisema, "hawezi kuchagua ni nani atakayepita mlangoni baada yake."

Karani aliinua kichwa, akatazama, akainama kuandika. Mwalimu aliona, na akafurahi. Ilikuwa furaha ndogo tu, ya mtu anayesikia sentensi yake ikikaa sawa, lakini aliifurahia hasa. Kidole naye alikuwa akitabasamu. Alishakaa katika madarasa yake vya kutosha kujua wako wapi na wapi wanaelekea, na alikuwa anangoja kona tu.

Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua maji. Mwenyekiti akatazama saa.

"Tunakushukuru sana, mwalimu. Umetusaidia kuliko tulivyotarajia."

"Bado kidogo, mwenyekiti. Hiyo ilikuwa ni ile ya..." Alikuwa ameinua kidole, nusu.

"Ukiwa na nyongeza utatuletea kwa maandishi. Tafadhali, kaa."

Akakaa.

Tabasamu la Kidole halikuondoka papo hapo. Lilibaki usoni kwa muda, halijui liende wapi. Mwalimu alilitazama mara moja tu, kisha akaona afadhali atazame kizibo cha chupa.

Kabla ya adhuhuri uamuzi ulisomwa. Afukuzwe, na aondoke bwenini siku hiyohiyo; baraza la chuo, ambalo lingekaa alasiri, litathibitisha. Katika sababu, ile sentensi ya kufuli ilikuwemo, neno kwa neno, tena na sifa zake: kama alivyoeleza kwa umahiri mkubwa msimamizi wa mtuhumiwa mwenyewe.

Nyumbani, mkewe alimwekea chakula, akakaa mbele yake kumsikiliza. Mwalimu alieleza kwa kirefu. Alieleza habari ya dakika kumi, na desturi za kamati, na jinsi mtaalamu wa udongo asivyoweza kujua kwamba hoja ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Chakula kikapoa. Mkewe, ambaye aliishi na hoja hizo tangu ujana wake na hakuzichukia, alimwacha mpaka akaishiwa.

"Hilo jibu ulikuwa nalo?" aliuliza.

"Nilikuwa nalo. Hata sasa ninalo."

"Basi kwa nini ulikaa?"

"Mwenyekiti aliniambia nikae."

"Nimesikia. Ninachouliza ni kwa nini ulikaa."

Mwalimu akafungua mdomo kusema kwamba hapo kuna mambo mawili ya kutofautisha, akaona jinsi anavyotazamwa, akaufunga.

"Unakumbuka ulipokuja kuniposa?" mkewe alisema. "Ulimweleza baba sababu zote za kukunyima. Huna nyumba, huna kazi ya maana, kifua chenyewe kibovu. Ulizipanga vizuri mno, mzee wa watu akaanza kutikisa kichwa, anakubaliana na wewe. Ningekuwa sijasimama nyuma ya pazia, nikaingia nikasema inatosha, ungetoka pale umeshinda hoja na mke huna."

Kisa hicho walikuwa wakikicheka miaka yote. Safari hii hakucheka hata mmoja.

"Leo nani angeingia, baba?" mkewe alimuuliza. Hakuuliza kwa ukali. Akaondoa sahani.

Mwalimu alirudi chuoni kwa miguu, kwa njia ndefu inayopita nyuma ya maabara. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kwamba watu watamlaumu. Alikuwa amefanya kazi chini ya makamu wakuu wa chuo wanne, wawili kati yao wababe wasio na haya, na wote walimpenda. Kitabu chake kuhusu sheria dhalimu kilikuwa kwenye rafu ya kila mmoja wao. Wenzake waliohamishwa, walionyimwa vyeo, waliokimbilia nchi za watu, walimshangaa jinsi alivyopona. Yeye alijiambia ni kwa sababu anamtendea haki kila mtu, hata mpinzani. Sasa lilimjia wazo jingine: labda walimpenda kwa sababu kila alipoitwa kusema mahali penye uzito, muda ulimwishia katikati, naye akawa mtu wa kukaa anapoambiwa kaa. Alijaribu kutafuta mara moja, hata moja, aliyofika upande wa pili nje ya darasa. Alitafuta mpaka akafika kwenye geti la bweni bila kuipata.

Kidole alikuwa hapo, na mabegi mawili na godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, akingoja gari la mjomba wake. Bawabu mzee alisimama kando yake, plasta nyeupe juu ya jicho, kufuli jipya likining'inia kidoleni mwake. Lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Mwalimu alianza kuomba radhi, na Kidole akamwonea huruma. Hilo nalo lilimuumiza.

"Sijakasirika, mwalimu. Nilikuwa nakufuata hatua kwa hatua. Ulipofika kwenye kufuli nikasema moyoni, haya, sasa anageuka."

"Nilikuwa nageuka, mwanangu."

"Najua. Basi nimalizie." Aliketi juu ya begi, akaweka mikono magotini, kama alivyokuwa akikaa kwenye kiti kilichovunjika pembe katika ofisi yake kila wiki wanapopitia sura za tasnifu. "Nataka tu kuisikia."

Mwalimu akamaliza. Alisema pale pale, kwenye vumbi, kofia mkononi.

"Najibu kwamba kufuli lile lilikuwa sheria mpaka simu ilipoacha kupokelewa. Anayewafungia watu ndani amechukua dhamana ya kila pumzi iliyoko ndani. Akiitupa dhamana hiyo, kinachobaki mlangoni ni chuma, na chuma hakimwamuru mtu. Yeye aliyekivunja hakuvunja sheria. Aliiokota pale ilipotupwa. Ama waliorusha mawe, mawe yao ni yao. Walikuwa na mikono yao na akili zao, na hakuna aliyewatuma."

Bawabu alikuwa amesikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande wa jicho zima.

"Haya ndiyo uliyowaambia kule?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Ahaa," bawabu alisema, akahamisha kufuli kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Ni nzuri sana, mwalimu," Kidole alisema. "Hasa hapo pa kuiokota. Ila mimi sikuhitaji kushawishiwa."

Gari lilifika. Mjomba mtu alishuka, akapakia godoro bila kumsalimia mtu, na mwalimu hakumlaumu. Kidole akapanda mbele. Hakupunga mkono, alikuwa anafuta macho kwa kiwiko na kutafuta mkanda wa kiti kwa wakati mmoja. Gari likatoka, na mwalimu akabaki amesimama kwenye mstari wa geti, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mwalimu, unatoka au unabaki?" bawabu aliuliza. "Nimeambiwa nisiliache wazi, hata mchana."

Swali lilikuwa la kawaida kabisa, na bado mwalimu alihisi ulimi ukijiandaa kugawa jambo mafungu mawili. Akaumeza.

"Ninatoka," alisema. "Naenda barazani."

Alipanda ngazi za jengo la utawala akihema. Kile kifua kibovu hakikuwahi kupona. Ghorofani, madirisha yalikuwa bado na maboksi mahali pa vioo, na ukumbi ulikuwa na kiza cha mchana. Mlango wa chumba cha baraza ulikuwa umefungwa. Mbele yake, kwenye meza yenye simu na mkebe wa kalamu, alikaa katibu muhtasi, mwanamke wa makamo ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wako ndani?"

"Wako. Una mwaliko?"

"Sina."

Alisikitika kweli, ilionekana. Alimkumbusha kwamba asiye mjumbe haingii barazani bila kualikwa, na mwalimu akaitikia kwa kichwa. Kanuni hiyo aliijua. Alikuwa kwenye kamati iliyoiandika, na ile sentensi ya mwisho, iliyosifiwa kwa uwazi wake, ilikuwa ya kwake.

"Lakini kaa kidogo," katibu muhtasi alisema, akasogeza kiti chenye mto. "Wakimaliza nitamwambia mwenyekiti wa baraza kwamba ulikuja. Karibu, mwalimu. Kaa upumzike."

Kilikuwa kiti kizuri. Magoti yake yalianza kukunjika yenyewe, kama yalivyokunjika asubuhi, na ilibidi ashike mgongo wa kiti ili yasimame. Hakukaa. Hakugonga pia. Alisimama kati ya kiti na mlango, kofia ikiwa imekunjwa mkononi, midomo ikicheza bila sauti: najibu kwamba, najibu kwamba.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya mtu akifunga kikao na kuwashukuru wajumbe kwa muda wao. Kisha viti vikaanza kuburuzwa sakafuni.