Kabati la Pleksi

Libère alikuwa na ugonjwa mmoja tu, adabu iliyopita kiasi. Tangu amwoe Kanyange, mwaka wa tisini na mbili, hakuwahi kumjibu mama mkwe wake lolote ila "ndiyo, mama". Na bado mama mkwe huyo, Gahongayire, muuza sambusa wa mtaa wa Biryogo, alimwita "bwana wa Kanyange", utadhani ni mpangaji. Libère alitamani sana kuitwa mwanangu.

Ndiyo maana akamtengenezea kabati la sambusa la pleksi, ile plastiki ngumu ing'aayo kama kioo.

"Kaza skrubu sana, isikuwe inacheza," mama mkwe alisema.

Pleksi haipendi kubanwa, na Libère alilijua hilo. Akasema ndiyo, mama, akakaza.

Kila asubuhi Gahongayire alilisugua kabati kwa spiriti. Libère alijua pia kwamba spiriti na pleksi iliyobanwa havipikiki chungu kimoja, lakini nani amfundishe mama mkwe kufuta vumbi? Baada ya wiki chache, kuzunguka kila skrubu, vikatokea vistari vyembamba kama nywele za mtoto. Mpaka uinamishe kichwa ndipo uvione. Akaviona, akanyamaza tena.

Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini, kabati likalia ta, upande wa mbele ukapasuka kutoka skrubu hadi skrubu. Hakuna aliyeligusa.

"Bwana wa Kanyange, uliniletea plastiki mbovu?"

Libère aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akatafuta vipande viwili vya pleksi vilivyobaki alipolitengeneza kabati. Kimoja akakilaza mezani, kingine akakipinda kwa vidole, vyote akavipaka spiriti. Kilicholala kikabaki kizima. Kilichopindwa kikaota zile nywele, kisha kikamkatikia mkononi.

"Mimi nilikaza mno, mama. Na wewe ulikuwa unapaka spiriti. Moja peke yake ingevumilika."

"Ulijua lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sasa wewe uko unaniogopa, na kabati inakufa?" Gahongayire akamsogezea sahani ya sambusa. "Onja. Iko namna gani?"

Siku zote jibu lilikuwa "tamu sana, mama". Kanyange, aliyekuwa akikanda unga, alisimamisha mikono. Libère akatafuna, akameza.

"Chumvi imezidi, mama."

Gahongayire akachukua moja, akaitafuna polepole, akakunja uso.

"Imezidi kweli," alisema. "Niletee maji, mwanangu."