Ua la Boniphace

Dafroza alijua kulima, na hilo hata jirani zake wenye midomo mirefu walilikubali. Viazi vyake vilipasua matuta, na muhogo wake mmoja ulihitaji watu wawili kuung'oa. Ndiyo maana mwaka wa themanini na tano, ua la njano lililokuwa mbele ya nyumba yake kule Buswahili lilipoanza kuzeeka na kukauka matawi ya chini, hakumwuliza mtu. Alikata matawi sita marefu, akainua tuta zuri, akayalaza kama marando ya viazi vitamu, akayafukia zaidi ya nusu. Akayamwagilia asubuhi na jioni. Kisha akayajengea kibanda cha majani ili jua lisiyachome, maana jua la mwaka ule halikuwa na adabu. Hata mtoto mchanga asingepata malezi bora kuliko hayo.

Siku ya kumi alifukua tawi moja aone kama limeshika mizizi. Lilikuwa limeoza, limelegea kama mlenda. Akafukua la pili, la tatu, mpaka la sita. Alikaa pale chini kwenye tuta, mikono imejaa tope, asijue amekosea wapi.

Mtu mwingine angesema ua ni ua tu. Mwaka ule watu walikuwa wakifua nguo kwa majani ya mpapai, na mwenye sukari aliifungia kwenye sanduku kama hati ya shamba. Nani wa kulilia ua? Lakini lile lilikuwa ua la Boniphace, mwanawe wa kwanza, na Dafroza aliamini kwamba Boniphace yu hai kwa sababu ua lile lilimwambia hivyo kila asubuhi. Anayetaka kumcheka amcheke, ila asikilize kwanza.

Boniphace alikuwa mtunza bustani kwenye misheni moja mjini Musoma. Mwishoni mwa mwaka wa sabini na nane alirudi nyumbani kwa baiskeli, nyuma amefunga kopo la Kimbo lenye mche mdogo wa majani ya kijivujivu. Aliupanda uwanjani, mahali palipopigwa jua kutwa. Maua yake yalikuwa ya njano, makavu tangu siku ya kuchanua, ukiyagusa yanachakarika, na watoto wa jirani waliyaita maua ya karatasi. Wiki mbili baadaye mgambo wakaitwa vitani Uganda, na Boniphace jina lake lilikuwamo.

Siku ya kuondoka mama yake alilia mpaka akamtia kijana aibu mbele ya wenzake. Naye, kama vijana wote wasiojua la kufanya na machozi ya mama, akatoa mzaha.

"Mama, acha basi. Hili ua mawingu yakija linajifungaga, jua likitoka linafunguka. Wewe uwe unaliangalia tu. Ukiona limefunguka, ujue na mimi huko nimeamka."

Akacheka, akapanda lori. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na mkewe Jeska alikuwa na miezi tisa tu katika nyumba ile.

Vita ikaisha, malori yakarudi. Vijana watatu wa kijiji walishuka, mmoja na redio ya kaseti, mmoja na gongo la kutembelea, mmoja bila kitu. Hakuna aliyemwona Boniphace amekufa, wala aliyemwona mzima. Baba yake, Mzee Machage, alikwenda mjini mara tatu kuuliza ofisini. Mara zote waliangalia kwenye orodha ya waliokufa, wakasema jina halimo, arudi nyumbani asubiri. Mara ya tatu alirudi akauweka mkongojo wake pembeni, akasema haendi tena. Mtu aliyezoea kuwanyamazisha wanaume wazima kwenye baraza la kesi za ng'ombe alishindwa na karatasi.

Basi wakabaki na ua. Kila asubuhi Dafroza alitoka kabla ya kuwasha moto, akasimama mbele yake. Siku za mvua lilipojikunja, siku nzima ilimwendea vibaya, chumvi ikazidi, kuku wakapigwa mateke bila kosa. Jua likitoka na ua likafunguka, aliimba. Lilipozeeka mara ya kwanza, tawi moja lililolalia mchanga lilijishikia mizizi lenyewe, naye akamshukuru Mungu, ila moyoni akadhani ni ustadi wa mkono wake mwenyewe.

Shida ilikuwa Jeska. Mwanamke ambaye mumewe hajulikani yuko wapi si mjane na si mke. Hawezi kurithiwa, hawezi kuolewa, hawezi hata kurudi kwao, maana ng'ombe wa mahari walishatoka na kwao walishawatumia kuwaozea kaka zake. Mara tatu wazee wa ukoo walikuja kusema matanga yafanyike hata bila maiti, binti wa watu afunguliwe. Mara tatu Dafroza aliwatoa nje, akawasimamisha mbele ya ua.

"Limefunguka au halijafunguka?"

"Limefunguka," wazee wakasema.

"Basi mtu mzima hafanyiwi matanga."

Na Jeska alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Mwanaume mmoja wa Kisorya, aliyefiwa na mkewe, anayefanya kazi kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, aliwahi kumtumia salamu mara mbili. Hakupata jibu, akaoa kwingine. Miaka sita ilikwenda hivyo, na Dafroza alimpenda Jeska kweli, alimpenda kama mwanawe wa kumzaa, na bado hakumfungulia.

Sasa matawi sita yameoza na mti mama umebaki na tawi moja la kijani. Jumanne asubuhi Dafroza alimfunga jogoo miguu, akadandia lori la pamba, akaenda Musoma.

Mji ulikuwa umechangamka. Pale Mwigobero, karibu na wauza dagaa, nguo za mitumba zilimwagwa kwenye maturubai, na watu waliokaa miaka wakivaa viraka walizichambua kwa fujo, wakizibandika vifuani kuona kama zinawatosha. Dafroza alipita katikati yao na jogoo wake kwapani bila kugeuza shingo, akapandisha hadi misheni.

Aliyemfundisha Boniphace kazi alikuwa bado yupo, mzee mmoja mwembamba aitwaye Felisian. Dafroza alipomweleza habari ya tuta, maji na kibanda, mzee alicheka mpaka akashika uzio.

"Marando! Mama, ulipanda marando! Hili si kiazi. Hili ni mtoto wa mlimani, wa mawe na jua. Ukilionea huruma umeliua."

"Nifundishe basi, kaka. Kuuliza si ujinga."

Akamfundisha, na alifundisha vizuri. Kata ncha changa isiyo na ua, urefu wa kidole. Pukuchua majani ya chini. Toboa kopo, changanya mchanga na udongo nusu kwa nusu, chomeka, mwagilia mara moja, halafu liache mpaka mchanga ukauke ndipo uguse maji tena. Likishika mizizi, litoe juani pasipo na kivuli hata cha kuku. Na kila baada ya miaka mitatu ukate jipya, maana mti wenyewe hauishi sana, unaendelea kwa watoto wake. Alimkatia ncha kumi, akazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu. Dafroza alizipokea kwa mikono miwili. Moyo ulimtulia, kwa mara ya kwanza tangu masika.

Hapo angeondoka. Lakini Felisian alikuwa mtu mpweke na alikuwa amepata mwanafunzi.

"Njoo nikuonyeshe kitu," alisema, akafungua stoo.

Darini yalining'inia mafungu ya maua yaleyale, vichwa chini, yamejaa vumbi. "Haya tunapambaga altareni wakati hakuna maua mabichi. Fungu hili tulikata na Boniphace mwenyewe, kabla hajaondoka. Miaka saba hiyo." Akachomoa ua moja, akalichovya kwenye kikombe cha maji. Mbele ya macho ya Dafroza, taratibu, lile ua likaanza kujikunja mpaka likafumba kabisa. Mzee akaliweka dirishani penye jua. "Tule kwanza."

Mchana ule walikula ugali na furu wa kukaanga. Walipomaliza, ua lilikuwa limefunguka dirishani, njano tupu, zuri kama siku lilipochanua.

"Unaona?" Felisian alisema kwa furaha ya mtoto. "Limekufa zamani, lakini jua likiligusa linafungukaga tu."

Dafroza aliligusa, likachakarika. "Kaka," aliuliza, "likiwa limefunguka hivi, utajuaje kama ni hai au limekufa?"

"Kwa kuliangalia? Hujui, mama. Hakuna anayejua."

Alishukuru. Alimwachia jogoo. Namna alivyofika kituoni, na lori lililomrudisha kesho yake, hakukumbuka baadaye hata alipoulizwa.

Jeska alimpokea uwanjani, akachukua kile kitambaa, akakifungua, akafurahi. "Umepata mengi, mama!"

"Jeska, kaa chini." Dafroza alibaki amesimama. "Maua haya yanafunguka hata yakiwa yamekufa."

Jeska hakushtuka. Aliangalia chini, akachezea upindo wa kanga yake.

"Ulijua," Dafroza akasema.

"Nilijuaga, mama. Alinipaga moja siku ile alipokuja na baiskeli, nikaliweka sandukuni kwenye nguo zangu. Masika linafumba, kiangazi nikifungua sanduku limechanua. Mwaka wa pili tu nikajua."

"Miaka yote hii! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ungesema namwua mwanao nipate kuolewa."

Na ni kweli, angesema hivyo. Dafroza alilijua hilo papo hapo. Alitaka kumshika mkono mkwewe, lakini mikono haikumtii. Ilibaki imening'inia tu. Mwishowe alisema, "Kamwite baba mkweo. Mwambie awaite wazee."

Ndipo Jeska alipolia. Hakulia kama mtu anayemlilia mtu wa zamani. Aliangua kilio kama habari imeletwa saa ileile, mpaka majirani wakaacha majembe na kuja mbio wakiuliza nani amekufa. Dafroza alimsikiliza. Alijaribu naye kulia, maana mama ndiye anayetakiwa kuanza, lakini machozi hayakuja. Alikwenda nyuma ya nyumba akazichomeka zile ncha kumi kwenye mchanga kama alivyofundishwa, kwa kuwa hazikuwa na kosa, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Jumamosi watu walijaa. Kwa kuwa hapakuwa na maiti, wazee walikunja suruali na shati la Boniphace, wakaviweka kwenye mkeka katikati ya uwanja. Katekista Bernado alifika na daftari lake la kigango, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitaka kuandika habari za marehemu kabla ya sala, kama ilivyo kawaida.

"Jina?"

"Boniphace Machage," baba yake akajibu.

"Amezaliwa?"

Wakamwambia.

"Amefariki tarehe ngapi?"

Wale vijana watatu waliorudi na malori waliangalia chini. Mtu mmoja alinong'ona kwamba iandikwe tu sabini na tisa, mwingine akasema hapana, hatuna hakika, labda themanini. Katekista alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Taratibu, mmoja baada ya mwingine, watu wote wakamgeukia Dafroza.

"Andika Jumanne," alisema.

"Jumanne ipi, mama?"

"Jumanne hii iliyopita. Mchana."

Mzee Machage alimgeukia mkewe kumsahihisha, akamwona uso, akaacha. Bernado alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akainama akaandika kama alivyoambiwa.