Mkokoteni Mpana Kuliko Mlango

Mwalimu Cornelia alifundisha ufundi katika shule moja ya msingi karibu na Mwazye, enzi zile kila shule ilipotakiwa kujitegemea. Mwanafunzi wake hakushika msumeno kabla hajakichora kitu anachotaka kukitengeneza, kinavyoonekana kwa juu, kwa mbele na ubavuni. Mwalimu mkuu Flavian, mtu aliyejaliwa sauti ya mkutano wa hadhara, alikerwa mno.

"Mwalimu Cornelia, taifa halijengwi kwa penseli! Kuchora ni mchezo wa chekechea."

Basi akakifuta kipindi cha kuchora, akasimamia mwenyewe utengenezaji wa mkokoteni wa ng'ombe wa kuwaonyesha wageni kutoka Sumbawanga. Kwa kuwa mvua ilikuwa haikatiki, kazi ilifanyika ndani ya stoo. Mkokoteni ukawa mzuri kweli, imara, wa rangi ya kijani. Tatizo lilikuwa dogo tu: ulikuwa mpana kuliko mlango.

Wageni walipokaribia, Flavian aliamuru ukuta ubomolewe. Mkokoteni ukatoka umejaa udongo, wageni wakapiga makofi.

"Hapa kwetu," aliwaambia huku akijipangusa uso, "hatutengenezi kitu bila kukichora kwanza."

Cornelia alibana kicheko hadi mbavu zikamuuma. Kisha akasimama, akasema kwa adabu zote, "Ndiyo maana ndugu mwalimu mkuu amekirudisha kipindi cha kuchora. Wanafunzi wataanza na ukuta wa stoo."

Wageni wakashangilia. Flavian naye akapiga makofi, maana angefanyaje?