Dastan Aliponisuka Uani

Mwezi wa pili mwaka juzi, nikiwa napalilia mahindi, mkono wangu wa kulia uliachia jembe wenyewe. Nikainama kuliokota, mguu nao ukakataa, nikaangukia kwenye tuta. Majirani wa shamba walinibeba hadi barabarani. Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa hospitalini, mdomo umevutwa upande, na daktari akasema ni kiharusi.

Naitwa Lukresia. Mume wangu ni Dastan, fundi baiskeli hapa Bombambili, na tumeoana miaka ishirini na sita. Mtoto wetu ni mmoja tu, Pamela, ameolewa Njombe. Alikuja akaniuguza wiki tatu, kisha akalazimika kurudi kwa sababu naye ana mtoto mchanga. Nikabaki na baba yake.

Watu walidhani atatafuta msichana wa kazi. Hakutafuta. Alihamishia kazi yake nyumbani, akatundika tairi kuukuu kwenye nguzo ya ua ili wateja wapajue. Asubuhi alinigeuza, akaniosha, akakoroga uji wa ulezi na kuninywesha kwa kijiko, mkono mwingine ukinifuta kidevu. Nguo zangu alizifua mwenyewe na kuzianika uani, za nje na za ndani, mahali ambapo kila mpita njia aliziona.

Maneno yakaanza. Bombani, tunakochota maji, wanawake walisema nimempa limbwata, ile dawa ya kumfunga mume, na kwamba hata kiharusi hakijalitoa. Vijana walioleta baiskeli kuziba pancha wakawa wanamwita Mama Pamela. Naye aliitika kama kawaida, akauliza baiskeli ina shida gani.

Kulala muda mrefu kuliharibu nywele zangu, zikashikana hadi kichwa kikawa kinauma. Dastan akaenda kwa Shakila, jirani yetu mwenye saluni, akaketi kwenye benchi pamoja na wanawake waliokuwa wakisubiri zamu, akatazama mikono ya Shakila nusu siku nzima. Kesho yake alinikalisha kwenye mkeka uani, akaanza kunisuka mtindo wa twende kilioni. Tulianza baada ya chai ya asubuhi, tukamaliza jua likielekea kuzama. Mistari ilikwenda ilikotaka.

Mimi ndiye niliyekuwa na aibu. Maneno yangu siku zile yalitoka nusunusu, lakini nilijitahidi kumwomba anisukie ndani, mlango ukiwa umefungwa. Akajibu kwamba ndani kuna giza, haoni mstari.

Wiki hiyohiyo wifi yangu Hilda, dada mkubwa wa Dastan, alikuja kutoka Ruhuwiko na ndugu wawili wa ukoo. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, nikasikia yote. Hilda alisema kwa upole, maana hakuwa na ubaya moyoni, kwamba mwanamume kufua nguo za ndani za mke wake hadharani ni kuuaibisha ukoo mzima. Afadhali nirudishwe kwetu Mbinga nikauguzwe na ndugu zangu, naye atafutiwe mtu wa kumpikia.

Dastan aliwaacha wamalize.

“Dada, mimi nakuheshimu,” akasema. “Lakini siku ile mbele ya padri niliulizwa mimi kama nitamtunza katika magonjwa. Wewe ulikuwa umekaa benchi la pili, hukuulizwa. Nikishindwa, nitajibu mimi.”

Kisha akawaongezea chai. Waliinywa, wakaaga.

Mimi siku zote nilidhani Dastan ni mtu asiyesikia maneno, kwamba yanapita juu yake kama mvua juu ya bati. Walipoondoka nilimuuliza kama haumii. Akakaa kitandani, akasema anaumia sana, hasa haya yaliyotoka kwa dada yake. “Lakini nikiwasikiliza wao, wewe utalala na nguo chafu.”

Hayo yalinifanyia kazi kuliko dawa zote. Nilielewa kwamba mwenzangu anaumia na bado anaamka kunikorogea uji, na mimi najificha uso kwa kanga hata ndani ya nyumba yangu.

Mwezi wa sita nilimwambia nataka kwenda misa kwa miguu. Alitaka kuita bodaboda, nikakataa. Njia ya dakika kumi ilituchukua karibu saa nzima, mimi na fimbo yangu, yeye pembeni bila kunishika kwa sababu nilimkataza. Kanga niliiacha mabegani, mdomo wangu uonekane ulivyo. Tulipoingia kanisani mahubiri yalikuwa yanaendelea, na fimbo ilikuwa inagonga sakafu. Vichwa vikageuka, benchi moja hadi jingine. Uso uliniwaka. Nikajiambia kwamba wao wanatazama na mimi natembea, kila mtu na kazi yake. Nikafika nilipotaka kukaa, nikakaa.

Mwaka huu, mvua za mwezi wa nne, Hilda aliteleza kwenye tope akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji, akarudishwa nyumbani. Nikasikia kwamba mumewe, shemeji Bartolomeo, ana siku mbili anachemsha maji, anayaweka mlangoni, anangoja mwanamke yeyote apite amwogeshe mgonjwa. Hilda mwenyewe alikuwa amemkatalia asimwogeshe yeye. Watu watasema nini.

Nilichukua bajaji hadi Ruhuwiko. Nilimkuta kwenye shuka lililolowa, macho mekundu. Yale ya nyuma ya pazia sikuyagusa.

“Shemeji, lete beseni,” nilimwambia Bartolomeo. “Mkono wangu haunyanyui mtu. Mimi nitaelekeza, wewe utamgeuza.”

Hilda akajifunika uso. Nikamwambia, “Wifi, uso funika ukitaka, ila mgongo tutauosha.”

Bartolomeo alimshika kwa woga mwanzoni, kisha akazoea. Nilimwonyesha jinsi ya kuweka mto katikati ya miguu kabla ya kumgeuza, na namna ya kukausha ngozi bila kusugua, kama nilivyofanyiwa mimi. Tulipomaliza, Hilda alishika mkono wangu ule mgonjwa, akautazama. Akasema, “Mwambie Dastan…” Nikamwambia nitamfikishia.

Leo naongea karibu vizuri. Mkono wa kulia unashika kikombe, jembe bado. Namshukuru Mungu kwa uhai huu na kwa mume niliyepewa, na sioni haya kulisema hilo mbele ya watu. Wiki iliyopita kwenye sala ya jumuiya yetu ilikuwa zamu yangu kutoa shukrani. Nilisimama nikataja jina la Dastan, polepole, kwa sababu herufi ya s hunisumbua, na watu wakangoja nimalize. Yeye alikuwa amekaa karibu na mlango, anatazama viatu vyake.